Hifadhi ya Taifa Arusha: maswali ambayo ndugu na marafiki hunirudia kila mwaka kabla ya kwenda Momella na Tululusia

Kila Disemba ndugu hupanda kutoka Dar, Mwanza na Nairobi kuja kula sikukuu Arusha, na kila mwaka kuna anayesema, "Nipeleke hifadhini nikaone maziwa na maporomoko kabla sijarudi." Halafu maswali huanza, yaleyale ya mwaka jana. Nimeyakusanya hapa na majibu yake. Yaliyo rahisi yako juu, yenye "lakini" nyingi yako chini.

## Kuifahamu hifadhi

Hifadhi ya Arusha ndiyo ile ya Ngorongoro?

Hapana. Ngorongoro iko magharibi, mwendo wa saa kadhaa kutoka mjini, na wala si hifadhi ya taifa. Ina mamlaka yake yenyewe. Hifadhi ya Taifa Arusha iko upande wa pili, njia ya kwenda Moshi. Unapita Tengeru, unafika Usa River, unakata kushoto na kupanda kuelekea mlimani. Hadi lango la Ngongongare ni kama kilomita 35 kutoka Arusha mjini. Ukiendelea mbele kilomita kama 12 unakuta lango la Momella, kwenye makao makuu ya hifadhi.

Ilitangazwa mwaka 1960 ikiitwa Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto. Mwaka 1967 Mlima Meru ukaingizwa ndani ya mipaka na jina likabadilika. Kwa hiyo ni kama sehemu tatu zilizounganishwa: kreta (shimo la volkano) ya Ngurdoto, maziwa ya Momella, na mlima wenye misitu na maporomoko yake. Zote tatu unazifikia kwa siku moja bila kukimbizana.

Maziwa ni mangapi, na mbona kila moja lina rangi yake?

Yale yanayoitwa maziwa ya Momella ni saba: Momella Kubwa, Momella Ndogo, Tulusia, Lekandiro, Rishateni, Kusare na El Kekhotoito. Longil liko peke yake, upande wa Ngurdoto.

Ukitaka kuyaelewa, simama Momella ugeuke kuutazama Meru. Utaona mlima umepasuka upande mmoja kama chungu kilichovunjika mdomo. Miaka ipatayo 8,000 iliyopita ubavu ule wa mashariki uliporomoka, mawe na tope vikateremka hadi huku chini. Vile vilima vidogovidogo unavyopita na gari, ukidhani ni vichuguu vya kawaida, ni vipande vya mlima. Mabonde yaliyobaki katikati yake yakajaa maji, na mengi huja kwa chini kwa chini, si kwa mto unaoonekana.

Maji hayo ni ya magadi, na kila ziwa lina kipimo chake cha chumvi. Chumvi ikitofautiana, mwani nao hutofautiana, na mwani ndio unaoleta rangi: hapa kijani kizito, pale buluu, kule rangi isiyoeleweka. Ndege hufuata chakula chao, kwa hiyo maziwa mawili yaliyotenganishwa na kipande chembamba cha ardhi huweza kuwa na wageni tofauti kabisa.

Nitawaona flamingo?

Heroe, au flamingo kama wengi wetu tunavyowaita, huonekana Momella mwaka mzima, ila idadi haitabiriki. Hufuata mwani. Leo pembe ya ziwa ni waridi tupu, baada ya wiki mbili wamebaki wachache wamesimama kwa mguu mmoja. Usiwadai kwa dereva wala kwa mwongoza wageni, si ng'ombe wake. Hata wakiwa wachache kuna mwari, bata wa aina nyingi, na viboko katika Momella Ndogo. Njoo na darubini, kwa sababu ndege hukaa mbali na barabara na kamera ya simu huwageuza kuwa nukta.

Simba je?

Simba hawaishi humu. Nalisema mapema kwa sababu nimewahi kukaa gari moja na shemeji aliyenuna siku nzima akimsubiri simba. Waliopo ni twiga wengi, nyati, pundamilia, ngiri, kuro, pongo, digidigi, na tembo wanaoshuka kutoka msituni wanapojisikia. Chui yupo, lakini yeye huamua nani amwone.

Mnyama wa hifadhi hii kwangu ni mbega. Tafuta miti mirefu karibu na Ngurdoto asubuhi, zima injini, sikiliza. Utasikia mngurumo kama pikipiki ya mbali inayokataa kuwaka. Ukiinua macho utaona mikia meupe inaning'inia kama mashuke.

Kuna maporomoko mangapi?

Wageni wengi huenda Tululusia au Maio, yote kwenye miteremko ya Meru. Tululusia unayafikia kwa miguu kutoka lango la Momella pamoja na askari wa hifadhi. Maio yako kwenye njia ya gari inayopanda msituni, ileile inayopita chini ya mtini mkubwa uliofanya tao. Mtini huo ulianza kwa kuikumbatia miti mingine, ikafa, ukabaki wenyewe umesimama kwa miguu miwili, na gari la safari hupita katikati. Kila anayefika hapo hutaka kupigwa picha, kwa hiyo tenga dakika kumi.

## Kupanga siku

Nina siku moja tu. Nianzie wapi?

Watu wengi huanza na kreta kwa sababu iko karibu na lango, kisha maziwa, na maporomoko wanayafikia mchana wakiwa wamechoka na jua limekolea. Mimi hugeuza. Uwe Ngongongare lango linapofunguliwa alfajiri. Pita Serengeti Ndogo, ule uwanda wa nyasi muda mfupi baada ya lango, ambapo pundamilia na twiga huwa nje asubuhi na Kilimanjaro huonekana upande wa mashariki kabla mawingu hayajaufunika. Usikae sana. Nenda moja kwa moja Momella, chukua askari, panda Tululusia kukiwa bado na ubaridi.

Kula chakula cha mchana kwenye moja ya vituo vya mapumziko. Kisha zunguka maziwa taratibu kwa gari. Ngurdoto iache ya mwisho, iko njiani wakati wa kurudi.

Ukikosa muda, punguza kreta. Nitalaumiwa kwa kusema hivyo, lakini kuishuka hairuhusiwi, unaichungulia tu kutoka kwenye kingo, na kukiwa na ukungu utaona ukungu. Kukiwa kweupe ni jambo lingine: kutoka Leitong, sehemu ya kutazamia iliyo ukingoni, unaona shimo lote la kijani chini yako na nyati kama punje za pilipili manga kwenye kinamasi.

Msimu gani ni mzuri?

Kiangazi cha Juni hadi Oktoba barabara ni kavu na matembezi ni rahisi, ila Juni hadi Agosti asubuhi ni baridi kweli. Momella iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Tanga aliyekuja na fulana ataomba shuka. Januari na Februari pia ni vizuri.

Masika, Machi hadi Mei, watu hukimbia. Lakini anayefuata maporomoko asiifute masika haraka. Maji huwa mengi, msitu umejaa, magari ni machache. Bei yake ni tope (tazama swali la gari dogo) na mlima unaoweza kukaa wiki nzima bila kujionyesha.

Matembezi ya Tululusia yakoje hasa?

Ni saa mbili hadi tatu kwenda na kurudi kwa mwendo wa kawaida. Unaanza kwenye uwanda wa wazi ambako nyati hulisha, na hapo ndipo utaelewa kwa nini askari ana bunduki. Mnatembea kwa mstari, yeye mbele. Akisimama, simama. Akinyamaza, nyamaza. Nyati aliye katika kundi kwa kawaida hukuangalia tu. Yule dume mzee aliyejitenga, amelala matopeni peke yake, ndiye askari anayemtafuta kwa macho muda wote.

Baada ya uwanda mnaingia msituni na njia inapanda. Kabla hujayaona maporomoko unayasikia, na kabla hujayafikia yanakulowesha: upepo hurusha manyunyu hadi njiani, lenzi ya simu inapata ukungu, mawe yanateleza. Maji huanguka zaidi ya mita 20 kwenye ukuta mweusi wa mwamba uliojaa kuvu na majani madogo yanayotikisika bila kupumzika. Mara ya kwanza nilimpeleka shangazi. Alifika, akafungua kanga ya kiunoni akajitanda kichwani, akakaa juu ya jiwe, akakataa kuondoka mpaka askari alipomkumbusha kwamba kuna wageni wengine wanamsubiri chini.

Viatu viwe vya kufunga, vyenye meno. Ndala ziache nyumbani. Suruali ndefu iingize kwenye soksi, hasa baada ya mvua, kwa sababu siafu huvuka njia. Ukiona mstari mweusi unaotembea, ruka, usisimame kuupiga picha.

Naweza kupiga kasia ziwani?

Ndiyo, kwenye Momella Ndogo kuna safari za mitumbwi zenye mwongozaji. Ndiyo, ni ziwa lilelile lenye viboko. Mwongozaji anajua wanakolala na hukaa mbali nao. Panga mapema, usifike ukidhani utapewa mtumbwi papo hapo. Asubuhi maji huwa yametulia kuliko alasiri.

## Malipo na vitambulisho

Kiingilio ni shilingi ngapi?

Sitaandika namba hapa, kwa sababu viwango hurekebishwa na watu watakuja kunidai. Angalia viwango vya mwaka husika vya TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa. Unachopaswa kujua ni mpangilio wake. Kuna kundi la raia wa Afrika Mashariki, wanaolipa kwa shilingi na kwa kiwango kidogo sana. Kuna wageni wakaazi. Na kuna wageni wasio wakaazi. Watoto chini ya miaka mitano hawalipi.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba kiingilio cha mtu si gharama yote. Gari lina tozo yake. Askari wa matembezi ana tozo yake, mtumbwi vilevile, na kulala vilevile. Piga hesabu ya vyote kabla ya kuwaahidi watu kumi na wawili.

Nitalipa fedha taslimu getini?

Hapana. Utapewa kumbukumbu namba ya malipo ulipe kwa simu au benki, au utumie kadi. Hakikisha una salio kwenye simu kabla ya kuondoka Usa River. Mimi, niliyezaliwa hapa hapa, nimewahi kufika getini na salio la shilingi mia nne na watoto watano nyuma ya gari. Ilibidi nirudi chini kutafuta wakala, na pundamilia wa asubuhi hatukuwaona.

Mimi ni Mkenya, au Mkongomani. Nalipa kama nani?

Kiwango cha Afrika Mashariki ni kwa raia wa nchi za Jumuiya. Congo iliingia mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, kwa hiyo siku hizi orodha ni ndefu kuliko ile tuliyokariri shuleni. Beba pasipoti au kitambulisho cha taifa, cha kila mtu mzima. Picha ya kitambulisho iliyotumwa kwa simu na mama aliye Kisumu huleta mabishano yasiyo na sababu.

Nimezaliwa Moshi lakini sasa nina uraia wa Marekani.

Getini huangaliwa hati unayoonyesha, si kijiji ulichozaliwa. Kiswahili chako kizuri kitakupatia tabasamu, na pengine hadithi nzuri za askari njiani.

## Usafiri na mahali pa kulala

Gari dogo linafika?

Kiangazi, kwenye barabara kuu kutoka Ngongongare hadi Momella, ndiyo, kwa uangalifu. Hiyo ni njia inayotumiwa na wananchi wa Ngare Nanyuki kila siku. Lakini mzunguko wa maziwa una vipande vibovu, na njia ya kupanda msituni kwenda Maio na kwenye tao la mtini inahitaji gari la juu lenye nguvu ya magurudumu manne. Mvua ikinyesha, usijaribu na gari dogo kabisa. Udongo huu wa majivu ya volkano ukilowa ni sabuni.

Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Ukipita mbio, digidigi wako wa kwanza utamwona chini ya gari.

Naweza kwenda bila kampuni ya utalii?

Unaweza, na familia nyingi za Arusha hufanya hivyo. Faida ya mwongoza wageni ni macho: anamwona kinyonga kwenye tawi wakati wewe unaona tawi. Ukiwa na watoto wa shule, au wageni waliotoka mbali kwa mara yao ya kwanza, mlipe, hutajuta. Ukienda na ndugu zako waliokwisha kuja mara tatu, dereva anayeijua njia anatosha.

Na daladala?

Kuna mabasi ya Arusha hadi Ngare Nanyuki yanayopita katikati ya hifadhi, na utaona twiga dirishani ukiwa umepakata kuku wa mtu. Lakini ratiba yake ni ya wanakijiji: huja mjini asubuhi, hurudi nyumbani mchana. Kwa mgeni wa siku moja ni kinyume kabisa. Afadhali ushuke njia panda ya Usa River na kukodi gari hapo pamoja na wenzako.

Tulale ndani au nje?

Kuna maeneo ya kambi ndani, na nyumba za wageni na loji nje kidogo ya mipaka na kuelekea Usa River. Anayelala kambini apange nguo za baridi kwanza, chakula baadaye. Usiku utasikia fisi. Usiache viatu nje ya hema.

## Afya na usalama

Tunaweza kunywa au kuoga kwenye maziwa na mito?

Hapana, na hapa sababu si viboko peke yao. Maji yanayotoka kwenye miamba ya Meru yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Maziwa ya Momella yako mbali sana juu ya hapo, na hata mito na visima vingi vya huku hupita kipimo hicho. Ndiyo sababu watu wengi waliokulia kandokando ya mlima huu, mimi nikiwamo, tuna meno ya kahawia. Mtoto akinywa maji hayo miaka mingi mifupa nayo huweza kupinda.

Majina yenyewe yanakuambia kwamba maji ya huku si ya kawaida. Mji ulio mbele kidogo ya Usa River unaitwa Maji ya Chai, kwa rangi ya mto wake. Na Ngare Nanyuki kwa Kimaasai ni maji mekundu. Njoo na maji yako ya kutosha. Kikombe kimoja kwa bahati mbaya hakitakudhuru meno, ila usijaze chupa.

Kuogelea hakuruhusiwi. Chini ya maporomoko utalowa tu, na maji ni ya baridi ya kukata pumzi.

Nyani na tumbili wakija mezani?

Watakuja. Funga madirisha ya gari hata kama unakwenda hatua kumi tu. Usiwape kitu, kwa sababu aliyezoea kupewa ndizi leo kesho humpora mtoto. Sambusa za harusi ya binamu yangu ziliishia juu ya mti.

Chakula kisiwe kwenye mifuko ya plastiki: imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Tumia vikapu na hotipoti.

Mama yangu ana miaka sabini na magoti mabaya. Aje?

Aje. Maziwa yote makubwa anayaona kutoka kwenye gari, Ngurdoto ina sehemu za kutazamia zinazofikika kwa hatua chache, na ukiwa na gari la juu atapita chini ya tao la mtini bila kushuka. Tululusia asipande. Mjamzito vilevile: matembezi ayaache, na barabara ya msituni ina mitikisiko mingi. Watoto wadogo wasiojua kunyamaza wabaki na watu wazima kwenye gari. Askari ana haki ya kukataa kutembea nao, na mimi niko upande wake.

## Yasiyo ya kawaida

Nikiwa na siku zaidi, nipande Meru?

Meru una mita 4,566, wa pili kwa urefu Tanzania, na hupandwa kwa siku tatu au nne kutoka Momella. Unalala kwenye vibanda vya Miriakamba, mita 2,514, kisha vya Saddle, karibu mita 3,570, na usiku wa manane unaanza kukwea kileleni. Askari mwenye silaha ni lazima kwa sababu ya nyati na tembo. Wengi huupanda kuuzoesha mwili kabla ya Kilimanjaro, halafu wakirudi wanasema huu ulikuwa mgumu zaidi. Si nyongeza ya safari ya kutazama maziwa. Upangie safari yake.

Droni, au picha za harusi?

Droni haziruki bila kibali maalumu. Picha za biashara, zenye mpiga picha wa kulipwa, nguo za kubadilisha na taa, nazo zina kibali chake kinachoombwa kabla ya siku. Picha za familia kwa simu hazina shida.

Mvua ikitukuta msituni?

Mtarudi polepole mkiwa mmelowa. Beba koti la mvua, si mwavuli, maana mwavuli ukifunguka ghafla humshtua nyati, na askari atakuomba uufunge. Simu itie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko. Mto ukijaa, askari huamua kama mnavuka au mnasubiri, na akisema subirini, kaeni.

Tukichelewa kutoka?

Malango hufungwa saa 12 jioni na kuendesha gari usiku ndani ya hifadhi hakuruhusiwi. Ukiona jua limeugusa mgongo wa Meru na bado uko Lekandiro, anza kurudi, kwa sababu kuna kundi la twiga wa Serengeti Ndogo ambao jioni hupenda kusimama katikati ya barabara, na hawana saa.